Shingo Niliyoishika Butali

Trekta la miwa lilipopinduka karibu na Butali, nilikuwa nimemaliza mafunzo ya huduma ya kwanza juzi tu. Nikamkuta mwanamume amelala chali kando ya miwa iliyomwagika. Nikapiga magoti nikamshika kichwa kwa mikono miwili, shingo isicheze. Akataka kuinuka.

"Tulia, mzee! Usiongee, usitingishike!"

Akaguna tu. Nikawafokea waliokuwa wakiokota miwa wasimguse. Kusema kweli, nilijiona daktari kamili.

Ndipo mtu mwingine akaja polepole, akijishikilia shingo. Mgonjwa wangu alipomwona, akatema makapi ya muwa, akanitoka mikononi na kukimbia.

"Daktari," yule akaniambia, "huyo alikuwa anaiba miwa, akateleza. Dereva ni mimi."