Mboni za Sajini

Mzee Kinyua wa Kiminini alitaka mbwa wake, Sajini, achorwe upesi, kwa sababu hakujua kama mnyama huyo angekuwa hai kufikia Jumapili. Binti yake, Rosaline, ndiye aliyempigia simu Nabwile, mchoraji, na hakumficha kitu. Alhamisi, Sajini alikuwa amemuuma Wamalwa, yule anayekusanya maziwa kwa pikipiki, akamtoboa shavu la mguu langoni. Cheti cha chanjo cha mbwa kilikuwa kimepitwa na wakati kwa miaka mitatu. Wamalwa alianza kudungwa sindano siku iyo hiyo, na Jairus, daktari wa mifugo, akaagiza mbwa afungiwe kwa siku kumi, hadi Jumapili ya wiki iliyofuata. Akibaki mzima, aachiliwe. Akionyesha dalili za kichaa cha mbwa, hakuna njia nyingine ila kuuawa.

Nabwile alifikiria kidogo, kisha akakubali. Alikuwa mzaliwa wa Bungoma, na kazi aliianzia huko kwa kuchora ng'ombe kwenye kuta za bucha. Alipohamia Kibomet, watu wa Kitale wakaanza kumletea maombi ya mbwa na ng'ombe wao. Mwaka mmoja alichora fahali wa mtu wa Kapsokwony kwa kutazama picha ya simu tu. Mwenye fahali aliitazama kazi kwa muda, akasema, "Huyu si wangu," akaenda zake. Tangu siku hiyo Nabwile hakuchora mnyama asiyemwona mbele yake, na kila mara alianza na macho. Macho yakikataa, hata manyoya yawe mazuri namna gani, umechora mnyama wa mtu mwingine.

Jumatatu aliweka kiti hatua nne kutoka kwenye kibanda cha waya alimofungiwa Sajini. Alikuwa mbwa mkubwa mweusi, mwenye kifua cheupe. Alimnusa Nabwile vidole kupitia waya, akavilamba, akalala. Nabwile alipima macho kwa mpini wa brashi, akiweka alama kwa ukucha: upana wa jicho, upana wa mboni, nafasi kati ya jicho na jicho. Akayachora kwa penseli, kisha kwa rangi. Alitumia akriliki, ile inayokauka upesi, maana rangi ya mafuta ingemtaka asubiri siku nyingi na siku zenyewe hazikuwepo.

Jumanne alishughulikia manyoya. Hakugusa rangi nyeusi. Alichanganya buluu na kahawia mpaka ukapatikana weusi wenye uhai, akapaka sehemu zenye giza kwanza, kisha kwa brashi kuukuu iliyotawanyika nywele akavuta mistari myepesi ikifuata jinsi manyoya yalivyolala. Mzee Kinyua alisimama nyuma yake karibu saa nzima. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wa kiume walikuwa mbali, na Rosaline alishinda shuleni akifundisha. Mbwa ndiye aliyekuwa akizungumza naye mchana.

Jumatano asubuhi, Nabwile alipoketi na kutazama kibandani kisha kanvasi, alirudia kutazama. Jicho la kushoto halikuwa sawa. Mboni aliyoichora ilikuwa ndogo kuliko ile iliyokuwa ikimtazama.

Nimekosea tena, aliwaza, na yule mtu wa Kapsokwony akamjia kichwani. Akachovya brashi ili arekebishe. Mkono ukasita. Akachukua ule mpini wenye alama, akafumba jicho moja na kupima. Mboni ya kulia ilikubaliana na alama. Ya kushoto ilipita alama karibu mara mbili. Na jua lilikuwa likimpiga mbwa usoni. Mboni zote mbili zilipaswa kuwa zimejibana.

Akaweka brashi chini. Ndipo alipoona mengine: taya la chini lilikuwa limelegea, na uzi wa udenda ulining'inia bila kukatika.

Mzee Kinyua alikuwa anakuja na bakuli la maji. Alifungua kidirisha cha waya na kuingiza mkono, kama alivyozoea. Kwenye kidole gumba alikuwa na jeraha bichi la seng'enge.

"Mzee, toa mkono," Nabwile alisema.

"Anataka maji."

"Tafadhali, Mzee. Toa mkono kwanza."

Kinyua aligeuka, uso umekunjamana. "Wewe ulikuja kuchora ama kutibu? Sajini ako sawa. Amekataa tu kula, ni hasira ya kufungiwa."

Mbwa aliinamia bakuli. Akatia mdomo, maji yakamwagika yote kutoka pembeni. Akajaribu tena, na tena yakamwagika. Kisha akainua kichwa polepole kuelekea kwenye kile kidole.

Nabwile hakungoja tena. Alimshika mzee kiwiko, akauvuta mkono wake nje, akafunga kidirisha. Kinyua alijinasua kwa nguvu.

"Usiniguse, mama. Huyu nimelea tangu akiwa wa kutoshea kwa kofia."

"Najua. Ndiyo maana nataka uangalie wewe, si mimi." Aliinyanyua kanvasi, akaisimamisha kando ya waya, usawa wa kichwa cha mbwa. "Hii macho nilichora juzi. Uliona nikichora. Sasa angalia yake."

Mzee aliangalia kanvasi. Akamwangalia Sajini. Akarudia, polepole zaidi, kama mtu anayesoma barua isiyo na habari njema.

"Imekuwa kubwa," hatimaye Kinyua alisema. "Ya kushoto."

"Amekulamba hiyo kidole?"

Mzee aliutazama mkono wake. "Jana. Na leo asubuhi."

Nabwile alimpigia Jairus. Alichosema Jairus kilikuwa kifupi: waoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano bila kupunguza, kisha waende hospitali sasa hivi, wote wawili. Walisimama penye bomba bega kwa bega, povu likiwafika viwikoni, na mzee hakuthubutu kugeuka kutazama kibanda.

Jairus alifika kibandani mchana huo, wao wakiwa bado hospitali Kitale, akammaliza Sajini kwa sindano, akapeleka sampuli maabara. Majibu yalithibitisha: kichaa cha mbwa. Wamalwa alimaliza chanjo zake akarudi kwenye maziwa. Kinyua na Nabwile nao walidungwa zote, na hakuna aliyeugua.

Siku ya sindano ya pili walikaa kwenye benchi moja wakingoja kuitwa. Nabwile alikuwa na daftari.

"Kifua sikumaliza," alisema. "Na sichori kitu hakiko mbele yangu. Wewe niambie."

Mzee alimgeukia. Kisha akajigusa chini ya koo. "Ile nyeupe haikuwa imenyooka. Ilianzia hapa, ikapinda kwa mguu wa kulia. Na nyuma ya sikio nywele zilizunguka, hivi." Akachora duara dogo hewani kwa kidole kilichofungwa bendeji.

"Zilizunguka kwenda upande gani?"

Kinyua alifumba macho ili akumbuke vizuri, na Nabwile akaanza kuandika.