Aliyeuliza pwani za Italia zisizojulikana: ipo moja, kaka yangu alibaki huko

Wakuu, habari za huko mliko.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza hapa pwani za Italia ambazo watalii hawajazijaza, anataka kupeleka familia likizo. Mkamjibu kwa majina makubwa makubwa. Mimi nilisoma nikapita.

Leo nimeona nitoe tu yaliyo rohoni. Haya niliyaona kwa macho yangu. Asiyetaka kuamini asiamini, sitabishana na mtu.

Mimi ni wa Seme, ukishapita Kombewa unateremka mpaka ziwani. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nauza kwenye duka la vitambaa Kisumu, kwa mama mmoja Mhindi aliyekuwa mkali kwa kila kitu isipokuwa simu ya kaka yangu. Hiyo aliniacha nipokee.

Kaka yangu ni Ouma, kifungua mimba wa Mama. Kulikuwa na Waitaliano wawili, mtu na mkewe, waliokuja kuchimba visima upande wetu, na Ouma ndiye aliyekuwa akiwapigia kasia Jumapili. Walipomaliza kazi walirudi kwao. Walikuwa na nyumba ndogo ya wageni kando ya bahari, kusini ya Naples, pwani inaitwa Cilento. Wakamwita akafanye kazi ya kupeleka wageni kwa boti kuona mapango.

Akipiga simu haongei habari ya kazi. Ni pwani tu. Kuna pango maji yake ni ya buluu mpaka mkono wako unageuka rangi. Kuna vighuba hufiki ila kwa boti. Kuna mnara wa mawe wa zamani, na kijiji juu mlimani wazee wanacheza karata mchana kutwa.

"Hata Wazungu wenyewe wengi hawapajui," alikuwa akisema. "Mwambie Mama nitamleta aone."

Mama alikuwa anacheka. Maji ni maji, kwani ya kwetu yana kasoro gani? Lakini alienda akashonesha gauni la safari, kimya kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini simu ikaja, na haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mama wa nyumba ya wageni, tuliyemwita Signora, analia kwa Kiswahili chake cha kuokota. Upepo uligeuka ghafla Ouma akiwa peke yake majini. Boti ilipatikana. Yeye hapana. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakakata tamaa.

Sasa kwa wasiojua mila zetu Wajaluo. Mtu akifa na mwili usipatikane, tunazika yago. Ni tunda la mti wa porini, refu na zito. Unalivisha shuka, unalililia, unalizika kwa boma kama mtu, ili roho yake ifike kwao.

Ila ukishazika yago, huyo amekufa. Hata akitokea kesho mzima, haingii tena kwa lango la boma lile.

Hapo ndipo Mama alipokataa.

Baba alisema, wazee wakasema, wapi. "Ouma alijua kuogelea kabla hajajua kutembea vizuri," aliwajibu. "Maji hayawezi kumuua. Mkizika tunda, akirudi atapitia lango gani?" Miaka ikaenda hivyo. Kila jioni anambakishia samaki kwenye sufuria. Baba akakonda, maskini. Yeye alitaka tu mahali pa kumlilia mtoto wake.

Mwishowe Signora akatuma tiketi mbili, ya Mama na yangu. Mama akakubali upesi mno. Alivaa lile gauni, akabeba omena, dagaa wakavu wa kwetu. Wakuu, alikuwa anaenda kumchukua. Mimi nilijua, na bado nikambebea mfuko.

Ile pwani ni nzuri. Nasema ukweli ingawa naichukia. Pango la buluu lipo, mnara upo, wazee wa karata wapo. Ouma hakutudanganya hata kitu kimoja, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi.

Watu wamelala chini ya miavuli, watoto wanalamba aiskrimu, na Mama anapita katikati yao na mikono yake mirefu ya gauni, anamuuliza kila Mwafrika anayeuza shanga kama amemwona Ouma. Kwa Kijaluo.

Signora akatupeleka kwenye kighuba ambako boti ilipatikana. Mama akavua viatu, akaingia hadi magotini, akachota maji kwa kiganja akanywa. Kwetu ukifika ziwani unanawa uso, unapiga funda. Ni kama salamu.

Akatema. Akachota tena, akaonja polepole.

Hakuna aliyekuwa amemwambia bahari ni chumvi. Hata mimi niliyesoma jiografia sikufikiri ni jambo la kuambiwa mtu.

Halafu wimbi likarudi likiuvuta mchanga chini ya miguu yake, akaanguka. Tukamshika mimi na Signora.

"Haya siyo maji," alisema. "Ziwa letu humrudisha mtu. Haya yamemla." Akaketi kwenye kokoto akalia, mara ya kwanza tangu ile simu. Nililia naye mpaka kichwa kikaniuma.

Tulipofika nyumbani alimwambia Baba, "Tafuteni yago."

Wazee walilileta, wakatoa shuka. Mama akawazuia. Alilifunga mgongoni kwa leso, akateremka nalo mpaka ziwani, sisi sote nyuma. Akaingia majini, akaliosha kila upande kwa mikono, anaongea nalo. Baba akamuuliza anafanya nini na watu wanangoja.

"Namtoa chumvi," alisema. "Hawezi kulala nayo."

Nilichojifunza ni kimoja. Usimharakishe mtu kuzika. Kuna jambo lazima alionje mwenyewe kwanza.

Kama kwenu mna njia yenu ya kumzika aliyepotea, andikeni hapa chini, nitasoma zote.

Na wewe uliyeuliza, nenda Cilento, familia itafurahi. Panda boti na mwenyeji, na upepo ukigeuka usibishane naye. Ukifika kwenye kighuba chochote chenye kokoto nyeupe, nisaidie jambo dogo. Ile chupa yako ya maji ya kunywa, mwaga kidogo baharini.