Nilikusanya sahani zetu zote mtaani siku ya kuhama, bimkubwa akanirudisha nazo

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe majuzi hapa Muscat na sijatia chumvi. Chumvi yenyewe siijui imo boksi gani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ni kutoka kochini hadi kwenye friji, na nikifika nnapumzika kabla ya kurudi.

Naishi na bimkubwa, mama yangu mzazi. Mwenye nyumba yetu ya Sidab aliitaka kwa mwanawe anayeoa, kwa hiyo tukawa tunahamia Al Khoudh, upande wa pili wa jiji, karibu na dada yangu.

Bimkubwa kakaa mtaa ule tangu mimi sijaota meno. Lakini hakulia, hakulalamika. Anafunga vyombo kwenye magazeti, kimya. Nikasema, mbona rahisi!

Siku yenyewe pikapu inakuja baada ya Alasiri. Asubuhi nafunga jikoni, naona sahani si zetu. Za majirani. Zetu ziko kwao.

Kwa wasiojua: kwetu jirani akikuletea kachori, humrudishii sahani tupu. Utatia japo tende. Naye hivyo hivyo. Basi vyombo vinazunguka mtaani miaka nenda miaka rudi, hakuna mwenye seti kamili.

Mimi na akili zangu za sekondari nikaona hii fujo. Bimkubwa alipoingia kuoga, nikabeba sahani za watu, nyumba hadi nyumba. Natoa zao, nachukua zetu. Tupu kwa tupu.

Bi Zuwena, tunayepakana naye ukuta, alinitazama juu hadi chini.

"Kumbe una miguu! Mie nilidhani mama yako anatwambia tu ana mtoto wa kiume."

Kisha akaiona sahani yake. Hakucheka tena.

"Ndo mshamalizana nasi?"

"Bado jikoni tu, bi."

Akafunga mlango polepole.

Nikarudi najiona meneja. Bimkubwa akatoka na taulo kichwani, akazikuta zimepangwa mezani.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Nimezikusanya, mama. Seti imetimia!"

"Na zao?"

"Nimewarudishia."

"Na nini ndani?"

Nikaanza kuzipanga upya zile sahani.

Akakaa juu ya boksi lililoandikwa GLASI. Nikasikia kitu kinapasuka, nikajifanya kiziwi.

"Gari haijafika ushanihamisha! Sasa Zuwena atanijia Al Khoudh kwa sababu gani? Na mie ntarudi huku nimebeba nini?"

Hapo ndo akalia.

Alipomaliza, amri moja tu: "Fungua jiko."

Wakuu, nilikata tepu ya maboksi niliyoyafunga kwa jasho langu. Unga, karai, mafuta, vyote nje. Bimkubwa anakaanga sambusa, pikapu imefika, dereva anapiga honi, "Yalla! Yalla!" Akapelekewa sambusa, honi ikakatika.

Mimi tena barabarani, jua la Muscat usoni, nazirudisha sahani zetu zimejaa kulekule nilikozitoa. Mtu ambaye hata takataka natoa kwa kubembelezwa!

Bi Zuwena akaipokea yake kwa mikono miwili. "Mwambie mama yako hii simpi mtu ailete. Ntaileta mwenyewe."

Al Khoudh tukafika hatuna sahani hata moja. Kila gari ikipunguza mwendo nje, bimkubwa yuko dirishani.

Ijumaa Bi Zuwena akaja kweli, sahani imejaa visheti. Wakakaa hadi Magharibi wananisema mimi. Sikujali, nilikuwa nnaitazama ile sahani. Leo nakula kama binadamu!

Hata sijaiosha. Bimkubwa keshaijaza katlesi, ikaondoka na mgeni.

Somo nililopata: ukihama na mzee, funga vya kwako. Anachokiacha nyuma usikifuate, huenda kakiacha makusudi.

Nyie mlihama vipi na wazee wenu? Semeni. Na wenye kunicheka chekeni, ila pole itangulie. Mimi nawasoma huku nnakula wali kwenye kifuniko cha sufuria.