Mbuzi wa Tata Mukwe

Tata mukwe, baba ya mume wangu, alitushtukiza kutoka Dilolo. Nyumbani tulikuwa na unga wa bukari, ugali wetu, na vipande vya soya tu. Mi na akili zangu nyingi nikakimbia kwa mama anayechoma nyama barabarani, nikaomba mifupa ya mbuzi. Akanijazia mfuko, nami nikaumwaga wote kwenye mchuzi wa soya bila kuangalia.

"Karibu mbuzi, tata."

Nikabaki mlangoni, macho kwenye sahani yake. Alitafuna polepole, akasifu mchuzi. Kisha akainua bawa la kuku, akaligeuzageuza.

"Mama," akaniuliza kwa upole, "mbuzi ya huku Kolwezi inarukaka?"