Pudding yangu ya mkate mkavu ilivyoshtakiwa kuwa pombe, Ndhiwa

Wakuu, mko aje huko. Naandika na hasira, kwa hivyo mkiona makosa mvumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na waliokuwepo wengine bado wako hai. Wakitaka kubisha waje hapa hapa.

Jana kuna mtu ameandika humu ati mkate ukikauka tupa, ni sumu.

Sumu? Wewe ulilelewa wapi?

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa ndio nimeolewa Ndhiwa, form four nimemaliza juzi, na mtoto mchanga mgongoni, Akinyi. Mume wangu alifanya kazi kwa bakery moja Migori. Akija nyumbani, hakuja na nyama kama waume wa watu. Alikuja na gunia. Ndani ni mikate na skonzi zilizokosa mnunuzi, zimekauka mpaka ukigonga nazo mlango, mtu anakuja kufungua.

Tulikula hiyo mikate na chai, na mboga, na omena, dagaa wetu wa ziwa. Ndiyo, omena. Chekeni tu.

Sasa Sabato moja Akinyi alikuwa aombewe kanisani, ile ya kusimamishwa mbele na kubarikiwa. Watu wangu walikuwa wanakuja kutoka Oyugis. Na mama mkwe wangu ni Msabato wa ukweli: Ijumaa jua likizama, moto unazimwa, hakuna kupika mpaka jua la Jumamosi nalo lizame. Chakula yote ya wageni lazima iive Ijumaa.

Nikataka kitu tamu ya kuwafungia warudi nayo, watu wetu wasiseme nimeolewa kwa njaa.

Nikakumbuka home science ya form two. Unachemsha matunda na sukari, unapanga mkate mkavu, unamwaga juu, unafunika na sahani, unaweka kitu nzito, unaacha ilale. Kesho yake unapindua, inasimama kama keki. Shida, matunda ya kile kitabu yalikuwa ya Ulaya. Tuliandika notes za matunda ambayo hakuna mtu darasani aliwahi kuona, na mwalimu pia sidhani.

Lakini zambarau tulikuwa nazo. Mti ulikuwa unaangusha mpaka kuku wakitembea wanaacha alama kama wameshika wino. Na mapera yalikuwepo. Nikachemsha, nikatoa mbegu moja moja mpaka vidole vikawa vyeusi, nikapanga na mkate kwa sufuria, sahani juu, na jiwe juu ya sahani.

Hapo ndipo nilipojiharibia.

Kitabu kilisema weka mahali baridi. Fridge hatuna. Mahali baridi pekee kwa nyumba ya mabati ni chini ya kitanda. Nikafunga sufuria na leso, nikasukuma huko.

Wenye mmekaa huku kwetu mshaelewa. Sufuria imefungwa leso, ina jiwe juu, iko chini ya kitanda. Hivyo ndivyo wapika busaa, pombe ya kienyeji, walikuwa wanaficha mali yao chifu akizunguka.

Ijumaa jioni mama mkwe akaingia kwangu kutafuta shuka ya Akinyi. Mimi niko jikoni nikasikia nduru.

"Uwi! Kong'o! Kong'o kwa boma yangu!"

Kong'o ni pombe. Nikatoka mbio. Ameshavuta sufuria mpaka nje, amefungua, ndani ni kitu nyekundu karibu nyeusi, imevimba, nzi washafika kabla yangu.

"Mama, hiyo ni pudding."

"Nyar Kasipul, usiniletee Kizungu. Machicha ya busaa nayajua."

Nyar Kasipul, binti ya Kasipul, ndilo jina nililopewa hapo, kwa sababu Oyugis kwetu iko Kasipul. Siku akiwa na raha analiita polepole. Siku hiyo alilitema.

Mzee wa kanisa, jirani yetu, akaitwa. Mama akamwambia mtoto wa mpika pombe hawezi kusimamishwa mbele ya watu wa Mungu. Mzee akakubali: kama ni kweli, Akinyi angoje.

Angoje? Na watu wangu wako njiani?

"Basi onjeni!" nikapiga kelele.

Wote wakarudi nyuma.

"Nikionja na iwe pombe?" mzee akauliza.

"Mimi sijawahi kuonja, nitajuaje?" mama akasema.

Majirani walikuwa wamejaa hapo kwa ua, na hakuna hata mmoja alitaka kuonekana anajua pombe inavyokuwa mdomoni. Na jua linashuka. Likizama kabla kesi haijaisha, imeahirishwa mpaka Sabato iishe, na mtoto wangu amepitwa.

Mwishowe mama mwenyewe akasema, kwa uchungu, "Muiteni Ouma."

Ouma ni baba mdogo, ndugu ya baba mkwe. Mama alikuwa amemkataza kukanyaga boma kwa sababu ya ulevi. Alikuja na kikombe chake.

Akaketi kwa kiti kama hakimu. Akaonja. Akafunga macho.

"Bado sijajua."

Akachota tena. "Kali yake inaweza kuwa imeshuka chini." Akachimba.

"Ouma, jua linazama," mzee akasema.

"Mzee, kazi kama hii haitaki haraka."

"Baba, unamaliza!" mimi huyo, machozi yananitoka.

"Nyar Kasipul, unataka nikutetee nusu?"

Alikula yote. Akapangusa sufuria na kidole. Halafu akatuangalia na huzuni ambayo sijawahi kuona kwa mtu mzima.

"Haina kitu. Nimekula mpaka mwisho nikitumaini."

Mzee akasema amina, akakimbia kwake. Jua likazama. Moto ukazimwa. Hakuna mtu aliniambia pole, na mimi mwenye kupika sikuwa nimelamba hata mwiko.

Akinyi alibarikiwa. Ouma naye alikuja kanisani, amenyoa, watu wakafurahi ati ameokoka. Mimi nilijua. Wakati wa chakula akaninong'oneza, "Ile nyingine iko wapi?"

Nilinuna wiki nzima. Ijumaa iliyofuata gunia likaja, na mama akanifuata jikoni akiwa na bakuli yake ya kioo, ile hata mchungaji hapewi. Imejaa zambarau, amezitoa mbegu mwenyewe.

"Nyar Kasipul," akasema, polepole. "Tengeneza. Lakini weka chini ya kitanda yangu. Yako Ouma ameshajua."

Nilichojifunza: mkate mkavu hautupwi. Na ukipika kitu geni kwa wakwe, iweke mezani wazi wazi, na wewe ndio uonje kwanza.

Sasa wewe wa "sumu", jibu hapa. Na wengine, nani aliwahi kushtakiwa kwa chakula chake mwenyewe? Semeni, nasoma zote.