Nilimpeleka mwandishi wa gazeti la udaku la Ulaya kwa Mama Tluway, sasa kijiji hakina hata lile tone la Ijumaa

Wakuu wa jukwaa, shikamooni mlionizidi umri, na wenzangu wa rika langu mambo vipi.

Nipo Karatu, naandika kwa simu yenye ufa kwenye kioo, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie. Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu na sehemu yake nimeifanya kwa mikono yangu. Sitaongeza chumvi. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini chumvi naiogopa.

Mimi ni mtoto wa Endabash, miaka ishirini na nne. Shule niliishia form four, na matokeo yangu tuyaache yapumzike.

Ndoto yangu ilikuwa moja tu, kuwa driver guide mwenye gari lake. Nishuke crater asubuhi na wageni, niwaonyeshe faru, jioni nirudi nyumbani nikute ugali. Rangi ya gari nilishachagua, kijani. Msinicheke.

Basi nikapata kazi kwenye loji moja huko juu, jirani na msitu wa Ngorongoro. Nilianza kwa kumwagilia maua. Kiingereza nikakiokota kwa wageni, leo neno, kesho neno, mpaka wakanipa kazi ya kuongoza village walk, yaani kuwatembeza wageni kijijini. Siku ile nilimpigia mama simu, nikaongea mpaka vocha ikaisha.

Loji ni ya kampuni ya nje, jina silitaji. Pale mapokezi kuna picha kubwa ya mtoto anacheka chini ya bomba, na maneno kwamba kila mgeni anayelala pale anakipa kijiji maji. Wageni wanasimama na kuisoma. Nimewahi kuona mama wa Kizungu anafuta machozi mbele yake.

Sasa sikieni habari ya lile bomba.

Chemchemi iko msituni. Maji yanashuka kwanza kwenye matenki ya loji, halafu ndiyo yanaendelea kijijini. Kwenye matenki kuna koki. Ile koki ilikuwa inafunguliwa siku za village walk tu, Jumanne na Ijumaa.

Na aliyekuwa anampigia fundi wa maji kumwambia "tunashuka, fungua" ni mimi.

Tukifika bombani tunakuta akina mama wamejaa na ndoo, wanataniana, wengine wanaimba. Mgeni anaona furaha anapiga picha. Ilikuwa furaha kweli, ila ya mtu aliyesubiri siku tatu.

Nilijua si sawa? Nilijua. Nilijiambia mara mbili kwa wiki ni bora kuliko hakuna. Na swimming pool nilishawahi kuisafisha mwenyewe, najua inakula maji kiasi gani. Nikanyamaza, kazi nilikuwa naipenda.

Matembezi yetu yalikuwa yanaishia kwa Mama Tluway.

Huyu ni mjane, Mwiraqw mwenzangu, mtu mzima wa umri wa mama yangu. Mimi namwita ayo, ndiyo mama kwa lugha yetu. Ana nyumba nzuri tu ya matofali, bati, sola, makochi yenye vitambaa, aliyojengewa na mwanae Tluway ambaye ni fundi magari Arusha.

Lakini kando ya nyumba hiyo kikundi cha kijiji kilijenga nyumba ya mababu, ile ya kuchimbwa kwenye mteremko na kuezekwa udongo. Wazee wetu walikaa namna hiyo zamani. Siku ya wageni ayo anavaa sketi ya ngozi yenye shanga, anaingia mle, anasaga ulezi kwa jiwe. Mimi naeleza kwamba hivi ndivyo bibi zetu waliishi. Wageni wakiondoka anavua, anarudi kwake kuchaji simu. Hapakuwa na uongo, kila mtu alikuwa anaambiwa ni maonyesho.

Tuendelee.

Akaja mgeni mmoja, mwanaume wa makamo, mcheshi, uso umeiva kwa jua. Kila kitu anauliza. Siku ya tatu akaniomba tushuke kijijini sisi wawili tu, ikiwa Jumatano, siku isiyo ya matembezi.

Njiani akanifungulia moyo. Yeye si mtalii. Anaandikia gazeti la udaku huko kwao, lile la kuanika mambo ya wakubwa, linasomwa na watu wengi sana. Alisema kampuni ile huko kwao inapewa tuzo za wema kila mwaka na yeye haiamini. Akaniuliza habari ya bomba.

Nikamwambia yote. Koki, simu ninazopiga, swimming pool. Wakuu, tangu nianze kazi hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilipoanza kusema sikuweza kusimama. Na niliona mbele yangu maji yanatoka kila siku, kwa sababu yangu mimi wa Endabash.

Akaahidi jina langu halitaonekana. Hilo alilitimiza.

Sasa kosa lenyewe ni hili. Kabla hatujafika nilimpigia Mama Tluway nikamwambia, ayo, nakuja na mgeni. Basi, sikufafanua.

Na yeye akafanya anachofanya akisikia mgeni. Tulipofika tulimkuta ndani ya nyumba ya mababu, amevaa ngozi, jiwe mkononi.

Kwetu huwezi kumwambia mama mtu mzima mbele ya mgeni kwamba nenda kabadilishe nguo. Ni kumvua heshima. Nikasema moyoni, acha, cha muhimu ni maneno yake.

Na maneno yake yalikuwa ya kweli kabisa. Alisema, "Mwambie maji yanakuja na Wazungu, na yanaondoka na Wazungu." Akaeleza anavyoshuka korongoni siku nyingine zote na ndoo ya lita ishirini kichwani.

Mwandishi akapiga picha nyingi mle gizani. Tulipotoka akaiona nyumba ya bati. Akauliza ya nani. Nikamwambia ni ya huyu huyu mama, mle ndani ni maonyesho.

Akaitazama kidogo, akacheka, akanipiga bega. Akasema, "Wasomaji wangu hawana nafasi ya nyumba mbili."

Na mimi nikacheka. Hicho kicheko sijui nitakifanyia nini.

Baada ya wiki kadhaa guide mwenzangu akanirushia link. Picha ya ayo imejaa kioo kizima, macho yamezama, nyuma giza. Kichwa cha habari kwa Kiswahili ni kama kusema, wao wanaogelea, yeye anakufa kiu shimoni. Ndani imeandikwa anaishi kwenye shimo na kulala juu ya ngozi. Habari ya koki, ambayo ndiyo niliyoisemea, iko chini kabisa, mistari minne.

Mtaniona mjinga, ila nilifurahi. Nilisoma comments za Wazungu wenye hasira nikasema kesho koki inafunguliwa.

Kesho yake hawakuja kufungua koki. Walikuja na kamera.

Watu wa kampuni walienda moja kwa moja kwa Mama Tluway. Wakapiga picha bati, sola, makochi, vitambaa, yeye mwenyewe na kitenge chake na simu mkononi. Wakaweka kwenye tovuti yao kwamba huyu ndiye yule mwanamke wa shimoni, jionee gazeti linavyodanganya. Hawakugusa neno koki. Wala hakuna aliyewauliza tena.

Gazeti likaomba radhi na kufuta habari nzima. Lilipofuta shimo likafuta na maji.

Nilimwandikia yule mwandishi. Nikamwambia sehemu ya koki ni kweli, irudishe peke yake. Alijibu mara moja tu, kwa upole, kwamba ile habari imeshakufa, yuko nchi nyingine kwenye habari nyingine, na ananishukuru sana.

Halafu kampuni ikasimamisha village walk. Walisema wanasubiri kuaminiana kurudi. Bila matembezi hakuna sababu ya kufungua koki, kwa hiyo Jumanne ikaisha na Ijumaa ikaisha.

Ukaitishwa mkutano wa kitongoji. Nilidhani watu watailaumu kampuni. Hakuna aliyeitaja. Kampuni iko juu kule, huwezi kuikasirikia ukiwa umekaa kwenye nyasi. Mama Tluway alikuwa amekaa hapo hapo.

Walisema ameuza kijiji ili aonewe huruma. Walisema ana nyumba nzuri kuliko wote na bado akajifanya wa shimoni. Jirani yake, ambaye wamechota pamoja miaka yote, akasimama akamwambia, "Ngozi ulivaa wewe. Sasa kaikamue unywe." Watu wakacheka.

Mwenyekiti akamuuliza nani alimleta yule mgeni. Ayo akasema hamkumbuki.

Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu. Nilikuwa na uniform ya loji mwilini. Sikusimama.

Tluway naye akaja kutoka Arusha. Ile picha ilishasambaa kwenye magroup ya WhatsApp, imewekewa maneno ya kuchekesha, na gereji nzima ilikuwa inamuuliza anawezaje kumwacha mama yake aishi shimoni kama panya. Alishika jembe akaibomoa nyumba ya mababu mchana kweupe. Akaacha rundo la udongo, akarudi kazini.

Nikaenda kwa ayo kuungama. Nilianza kulia kabla ya kusema.

Akaniambia, "Ninajua. Si wewe uliyenipigia simu?"

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja mkutanoni. Akasema mimi bado nina kazi, na kazi ikipotea haichoteki korongoni.

Wakuu, kwa wasiojua, ndoo ya lita ishirini haijitwiki. Ukishajaza, mwenzako anashika upande mmoja, wewe mwingine, inapanda kichwani. Hata watu waliogombana wanatwishana, ni adabu ya majini. Sasa Mama Tluway anashuka saa saba mchana, jua kali, wakati wenzake wameshapanda, maana asubuhi hakuna anayeshika ndoo yake. Anajaza nusu, kiasi cha kuiinua peke yake. Anakwenda mara mbili kwa maji ya safari moja.

Juzi nilikuwa off, nikamsubiri korongoni. Nikamwambia jaza yote, nakutwisha.

Akajaza nusu. Akasema, "Niache, mwanangu. Wakikuona watauliza kwa nini wewe."

Akaitwika, akapanda.

Sasa nilichojifunza, kwa elimu yangu hii ndogo. Yule mwandishi alikuwa na ukweli mkononi, akaona hauuziki, akaupaka rangi. Nilimwona akipaka nikacheka. Ukitaka kumwanika mkubwa, usimwachie hata uongo mdogo, kwa sababu huo ndio mlango atakaotokea, na atakayebaki ndani ni mnyonge uliyekuwa unamtetea.

Ila somo halichoti maji, nalijua hilo.

Naomba mnishauri. Kuna mkutano mwingine mwezi huu. Nikisimama nikasema ni mimi, kazi imekwenda, ndoto imekwenda, na koki bado wataifunga. Nikinyamaza, ayo ataendelea kushuka saa saba. Kuna waandishi humu najua, na nyie semeni, habari ya kweli iliyouawa inafufuliwaje? Au ndiyo basi?

Matusi pia napokea, sitajibu vibaya.

Na kama ile picha ya mama wa shimoni iliwahi kuingia kwenye simu yako na maneno yake ya kuchekesha, tafadhali ifute kabla hujacomment. Huyo ni Mama Tluway.