Koma Iliyomeza Elfu

Katika chumba cha nyuma cha maabara ya maji, kati ya jokofu la sampuli na dirisha lisilofunguka, alikaa mwanamke ambaye wenzake walimwita Bi Ruwaza. Mashine ya kupimia ilikuwa na domo: ilitoa tarehe, joto, maonyo chungu nzima, na katikati ya porojo hiyo, idadi ya bakteria. Yeye ndiye aliyeandika ruwaza, mstari mmoja wa alama unaoiambia kompyuta itafute neno "bakteria", ichukue tarakimu zinazofuata, iishie hapo. Tarakimu ziliingia kwenye jedwali, na jedwali likatoa cheti chenye saini yake. Miaka minne mambo yalikwenda shwari.

Jumanne asubuhi alipigiwa simu na shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie! Kisima chetu kimefunguliwa. Cheti kinasema bakteria ni moja tu, na saini ni yako!"

Moja? Kisima kile kilifungwa kwa uchafu.

Akafungua maandishi ya mashine ya asubuhi ile. Macho yakamtoka pima. Tangu fundi alipobadilisha programu wiki tatu nyuma, mashine iliandika maelfu kwa koma: 1,240. Ruwaza ilichukua ile moja, ikakuta koma, ikasimama. Maji machafu kupindukia ndiyo yaliyoonekana safi kupindukia.

Kurekebisha hakukuchukua hata dakika mbili. Kisha akatafuta maandishi ya wiki tatu zilizopita ayasome upya. Hayakuwepo, kompyuta iliyafuta kila Ijumaa ili kupata nafasi, na sampuli zilishamwagwa. Kwenye jedwali, moja ya kweli na moja ya elfu zilifanana kama mapacha.

Akakimbilia kwa mkuu wa maabara.

"Kufuta vyeti ni kazi ya mkurugenzi," mkuu alisema, "naye yuko safarini mpaka Jumatatu."

"Watu wanakunywa, mkuu!"

"Unadhani nina moyo wa jiwe? Mikono yangu imefungwa."

Akampigia shangazi. "Msiyanywe. Yachemsheni kwanza."

"Wajukuu wanayanywa tangu juzi. Na majirani wataniuliza, tukusikilize wewe au karatasi yenye muhuri?"

"Waambie aliyeisaini ndiye anayeikana."

"Aliyeisaini ndiye wanayemwamini, mwanangu."

Kesho yake akaenda mwenyewe kisimani. Foleni ya ndoo ilifika barabarani. Akang'oa cheti kilichobandikwa pale, akaeleza habari ya koma mpaka sauti ikamkauka. Mwanamke mmoja akamwaga maji yake. Wengine wakatazamana, mmoja akasema, "Leo safi, kesho chafu, mtuamulie," kisha foleni ikasogea mbele.

Jumatatu barua ya kufuta vyeti ilisainiwa. Mkuu alipompigia Bi Ruwaza kumpa habari, yeye alikuwa zahanati na shangazi yake, akimnywesha mjukuu mdogo maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mtoto aliyatapika yote. Akachota kijiko kingine.